Binti Akisema Anaumia Akikojoa

Kazi yangu ni kilimo. Nilisoma Chuo cha Kilimo Tumbi, hapa hapa Tabora, nikapata cheti. Tangu wakati huo nimekuwa bibi shamba katika vijiji vya mkoa huu. Kwa kawaida huandika habari za mbegu, nafasi za kupanda na wadudu wa mahindi. Mwezi huu naandika habari za ugonjwa unaowapata watoto wetu wa kike. Msishangae. Ugonjwa huo unatoka majini, na maji hayo ndiyo tunayolimia mpunga. Bwana afya anaujua kwa upande wa zahanati. Mimi naujua kwa upande wa jaruba.

Jambo lenyewe ni maumivu ya sehemu za siri kwa wasichana wadogo na wale wanaovunja ungo. Nitayataja wazi. Mama akiona haya kusema, na baba akiona haya kusikia, mtoto hubaki na maumivu yake peke yake.

Kwetu Tabora maji ni ya shida. Mito mingi hukauka kiangazi. Kwa hiyo tunategemea visima, malambo na madimbwi ya mbugani. Lambo moja hutumiwa na watu wote. Mama anafua, ng'ombe wanakunywa, vijana wanaoga, watoto wanavua kamongo, na pembeni kuna majaruba ya mpunga. Mambo haya si mapya. Njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tura, Rubuga na Kigwa, ndipo ikafika Tabora. Burton na Speke walifika hapa mwaka 1857. Stanley na Livingstone walikaa Kwihara, karibu na mjini, mwaka 1872. Wapagazi Wanyamwezi walitua mizigo palipo na maji, wakanywa, wakaoga, wakajisaidia palepale kichakani, kesho yake wakaenda zao. Msafara uliofuata ulitua palepale. Mtu mwenye kichocho akikojoa katika maji ya namna hiyo, anawaachia wenzake ugonjwa. Hivyo ndivyo kichocho kinavyosafiri. Kinabebwa na mtu.

Wengi tunajua kichocho kuwa ni kukojoa damu. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wakasoma kitabu, kisha wakachimba vyoo. Kichocho kilikuwamo katika masomo yale. Lakini ukiuliza watu leo, wengi watasema ni ugonjwa wa wavulana wanaoogelea. Zamani, sehemu nyingi za Afrika, mvulana akikojoa damu watu walisema amekua. Na msichana akionekana na damu, watu walisema ameingia hedhi, au walisema maneno mabaya zaidi.

Sasa tuone ugonjwa huu unavyofanya kazi. Mkojo wa mgonjwa una mayai ya minyoo. Yai likiingia majini linapasuka, na ndani yake hutoka kijidudu kidogo sana. Kijidudu hicho humtafuta konokono. Kikimpata, huingia ndani yake na kuzaana. Baada ya wiki kadhaa, konokono mmoja anaweza kutoa vijidudu maelfu kwa siku moja, hasa jua likiwa kali mchana. Macho yetu hayawezi kuviona. Vijidudu hivyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Havihitaji kidonda wala mdomo. Huingia katika damu, hukua na kuwa minyoo, kisha hukaa dume na jike pamoja katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu cha mkojo. Huko jike hutaga mayai kila siku, kwa miaka.

Kila yai lina mwiba mwishoni. Baadhi ya mayai hutoboa kibofu na kutoka pamoja na mkojo, ndiyo maana mkojo unakuwa na damu. Lakini mengine hayatoki. Hunasa katika nyama ya mwili. Mishipa ya kibofu na mishipa ya uzazi ya mwanamke ni majirani, kwa hiyo mayai hunasa pia katika mlango wa kizazi, ukeni, na hata sehemu za siri za nje. Mwili hupigana nayo kama unavyopigana na mwiba uliovunjikia mguuni. Panavimba, panawasha, panauma, panatoka damu. Ndani huonekana mabaka kama chembe za mchanga. Kwa mtoto huweza kutokea vinundu kwa nje, na mtu asiyejua akadhani ni ugonjwa wa zinaa. Ugonjwa huu unaitwa kichocho cha sehemu za siri za wanawake. Si ugeni. Daktari Theodor Bilharz aliiona minyoo hii Cairo mwaka 1851, na mwaka 1899 daktari mwingine huko huko Misri aliandika habari za mwanamke mwenye kichocho ukeni. Leo inakadiriwa kuwa wanawake na wasichana kama milioni 56 wanao, karibu wote katika Afrika. Hata hivyo wapo waganga waliosoma vizuri ambao hawakufundishwa jambo hili chuoni.

Miaka michache iliyopita, wakati wa kupandikiza mpunga, nilikuwa katika kijiji kimoja upande wa Igunga. Mama mmoja alinivuta kando ya tuta. Akaniambia, "Mayu, nina neno, lakini si la mpunga." Alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili. Binti analia akienda kukojoa. Anatembea kwa kutanua miguu. Nguo yake ya ndani ina madoa ya damu na uchafu wenye harufu, na hajavunja ungo. Mama alikwenda duka la dawa mara mbili. Muuzaji alimpa vidonge vya rangi mbili bila kumwona mtoto. Havikusaidia. Shangazi yake akaja. Shangazi alimfungia mtoto ndani akamwuliza, "Nani huyo?" Mtoto akajibu, "Hakuna mtu, shangazi." Akaulizwa tena kwa fimbo. Akajibu vilevile. Baba akasema asiende shule mpaka amtaje huyo mtu.

Nilimwuliza mama maneno mawili tu. La kwanza, binti anachota maji wapi? Akanionyesha lambo. La pili, nani anang'oa miche ya mpunga nyumbani kwenu? Akasema ni yeye na binti, tangu binti akiwa na miaka saba. Wakati wa kung'oa miche mtu huinama au hukaa kwenye maji ya kitalu saa nyingi, maji yakafika kiunoni kwa mtoto mdogo. Nikamwambia, "Kesho twende zahanati, na shangazi aje."

Muuguzi wa zahanati alifanya kazi nzuri. Aliwatoa watu wengine nje, akabaki na mama. Alimweleza binti kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya, akatazama kwa nje tu, bila kuingiza chombo wala kidole. Mtoto ambaye hajavunja ungo hapaswi kuingizwa chombo kwa ajili ya kutazamwa hivi hivi, na mzazi ana haki ya kukataa. Kisha mkojo ulipelekwa kupimwa kwenye kituo cha afya. Mayai ya kichocho yalikuwa mengi. Mama alipoambiwa, alikaa chini. Shangazi alisema, "Basi tulimpiga bure." Hakuna aliyemjibu.

Binti alimeza dawa siku ile. Damu katika mkojo iliisha baada ya wiki chache. Kuwashwa kulichukua miezi. Alirudi shule muhula uliofuata.

Sasa, nisije nikawafanya mdhani kila maumivu ni kichocho. Nimeongea na waganga, na sababu ni nyingi. Kwa watoto wadogo, iliyo ya kawaida kabisa ni ngozi kuchubuka. Ngozi ya mtoto mahali pale ni nyembamba. Sabuni kali, poda, nguo ya ndani iliyobana na kubaki na jasho, au kujipangusa kutoka nyuma kwenda mbele baada ya choo, yote hayo huleta wekundu na kuuma. Tiba yake ni kuacha sabuni mahali hapo, kuosha kwa maji safi tu, kukausha taratibu na kuvaa nguo ya pamba isiyobana. Wengine huosha kwa maji ya chumvi ya moto, au dawa ya kufulia, au majani. Hapo ndipo mnaunguza mtoto. Kuna minyoo midogo myeupe kama uzi inayotoka usiku na kuwasha sana, nayo ina dawa yake. Kuna maambukizo ya njia ya mkojo, yenye homa na kukojoa mara kwa mara. Mtoto aliyecheza huweza kujiingizia kitu kidogo, mathalani punje au kipande cha kitambaa, na uchafu wenye harufu na damu ukatoka mpaka kitolewe. Kuna ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka meupe na kuwasha kwa miaka, nao unatibiwa kwa dawa ya kupaka ya hospitali. Na kuna hali ambapo nyama ya ndani ya tundu la mkojo hutokeza nje kama pete nyekundu inayotoka damu. Hiyo huwapata hasa wasichana weusi kabla ya kuvunja ungo, na mara nyingi watu hudhani mtoto ameingiliwa, kumbe sivyo. Msichana aliyekwisha vunja ungo anaweza pia kupata fangasi, yenye kuwasha na uchafu mweupe mzito. Kwa mtoto mdogo fangasi ya namna hiyo si ya kawaida.

Lakini pia, ndugu zangu, wapo watoto wanaoumizwa na watu wazima, na mara nyingi ni watu wanaowajua. Kwa hiyo mwulizeni mtoto kwa upole, mkiwa peke yenu, na msikilizeni. Fimbo haileti ukweli. Mtoto anayepigwa atataja jina lolote ili apone, au atanyamaza hata kama yupo aliyemdhuru. Akisema ameumizwa, msimwogeshe, msifue nguo zake, mpelekeni hospitali siku ileile. Ipo dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI, na lazima ianze kabla ya saa 72 kupita. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na simu ya kusaidia watoto ni namba 116, haina malipo. Yasimalizwe kwa ng'ombe wawili chini ya mwembe.

Narudi kwenye kichocho. Ukifika zahanati, mweleze mganga mambo haya hata kama hakuuliza: mtoto anaingia maji gani, tangu lini, na kama amewahi kukojoa damu. Mkojo wa kupima kichocho ni mzuri zaidi ukitolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Mtoto akitembea au kukimbia kidogo kabla ya kukojoa ni vizuri zaidi. Matone ya mwisho ya mkojo ndiyo yenye mayai mengi. Na jambo hili ni la kukumbuka: mkojo ukionekana safi, bado mayai yanaweza kuwa yamenasa katika sehemu za siri. Kama mtoto anaishi kwenye maji ya kichocho na dalili hazishuki kwa dawa nyingine, mwombeni mganga afikirie kichocho.

Dawa ni prazikwanteli. Humezwa siku moja, na wingi wa vidonge hutegemea uzito. Wanaogawa dawa shuleni hutumia fimbo ya kupimia urefu badala ya mizani, mmeiona. Mtoto ale kwanza. Vidonge ni vichungu, visitafunwe. Anaweza kuumwa tumbo au kuona kizunguzungu siku hiyo, kisha hupita. Dawa huua minyoo iliyokomaa. Minyoo michanga haifi vizuri, kwa hiyo mtu anayerudi majini atahitaji dawa tena. Dawa haiyatoi mayai yaliyokwisha nasa. Ndiyo sababu ya kuwahi. Mtoto akitibiwa mapema, vidonda vina nafasi nzuri ya kupona. Akikaa nacho hadi utu uzima, mabaka hubaki, na ndipo tunasikia habari za kukosa mtoto, mimba kutoka, mimba kutunga nje ya kizazi. Tena kidonda ni mlango. Utafiti uliofanyika vijijini Zimbabwe na kutangazwa mwaka 2006 ulikuta kwamba wanawake wenye kichocho cha sehemu za siri walikuwa na virusi vya UKIMWI kwa wingi kuliko wenzao wasio nacho.

Hapa nina lalamiko moja. Dawa hugawiwa zaidi shuleni. Basi anayekosa ni nani? Ni binti aliyeachishwa shule ili alee wadogo zake na kupandikiza mpunga. Yule anayesimama majini kuliko wote ndiye asiyefikiwa na fimbo ya kupimia. Wenyeviti wa vitongoji, siku ya dawa ikitangazwa, waiteni na hao. Mama mjamzito amwulize mganga. Baada ya miezi mitatu ya kwanza anaweza kutibiwa, na anayenyonyesha vilevile.

Sasa niseme ya shambani, ambayo ni kazi yangu. Vitabu vinasema mkulima wa mpunga avae buti. Kwenye kitalu chenye maji machache buti zinafaa. Kwenye jaruba la mbuga, buti hunasa kwenye tope, na bei yake inashinda gunia la mtu maskini. Sitawadanganya kwamba kila mtu atavaa. Nawaambia yanayowezekana. Kung'oa miche na kupandikiza kufanywe asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali. Vijidudu vitakuwapo, lakini vichache kuliko vya mchana. Watoto wasitumwe kung'oa miche. Kazi hiyo waifanye watu wazima, nao wameze dawa kila inapogawiwa. Magugu ya majini pembeni mwa mifereji yafyekwe, maana konokono hujificha na kula hapo.

Wenye mifereji na milango ya maji wajaribu kilimo shadidi. Mche mmoja mmoja mchanga, sentimita 25 kwa 25, na maji hayaachwi yatuame siku zote. Yanafunguliwa, yanafungwa, udongo unaanza kupasuka nyufa ndogo, kisha yanafunguliwa tena. Mpunga hutoa machipukizi mengi na maji hutumika kidogo, na konokono hapendi kukauka hivyo. Ila msidhani atakwisha. Konokono wa madimbwi yetu anaweza kujizika katika tope kavu miezi ya kiangazi, na mvua ikinyesha anafufuka. Niliwahi kuchimbua tope la jaruba lililokauka mwezi Septemba nikamkuta amelala humo.

Maji ya kuogea watoto chukueni kwenye kisima kirefu au bomba. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora mjini, Igunga na Nzega katika miaka ya karibuni, pamoja na vijiji vilivyo karibu na bomba. Kijiji kisicho na bomba kina njia nyingine. Tekeni maji ya lambo, yachujeni kwa kitambaa ili konokono asiingie, yawekeni katika pipa lenye kifuniko kwa siku mbili kamili. Vijidudu visipompata mtu hufa katika muda huo. Kwa kuogea yatafaa. Ya kunywa yachemsheni hata hivyo. Nyumba yenye mapipa mawili inaweza kupishanisha, moja likae wakati jingine linatumika.

Na choo. Nyumbani tunavyo, siku hizi wengi wanavyo. Lakini mpunga haulimwi nyumbani. Mtu hukaa mbugani kutwa, na jaruba lipo kilomita mbili kutoka kijijini, mkojo unakwenda wapi? Katika kijiji kile cha upande wa Igunga, kikundi cha wakulima kilichimba vyoo viwili vya shimo kwenye mwinuko, mbali na mfereji, kimoja cha wanawake na kimoja cha wanaume. Walijenga kwa miti na nyasi, kazi ya siku tatu. Kila mwenye jaruba alitoa debe moja la mpunga kumlipa fundi wa vifuniko. Msimu wa pili choo cha wanaume kilibomoka kwa mvua, wakakihamishia juu zaidi, penye udongo mwekundu. Cha wanawake bado kipo, na yule shangazi ndiye anayetunza ufunguo.